Sori ya Mtu wa Katuni

Nilipomwambia nina mimba, alisema, "Pole." Na mimi nikamjibu, "Asante."

Tulikuwa nyuma ya kanisa, pale kwaya inapovulia majoho, na yeye alikuwa ameshika lake mkononi akilikunja polepole kama nguo ya kuazima. Hakuna aliyenilazimisha kusema asante. Pole hujibiwa asante, basi, ndivyo tulivyolelewa. Umejikwaa, pole, asante. Umenyeshewa ukitoka Gikomba, pole, asante. Umefiwa, pole, asante. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimemshukuru mwanaume kwa kunitia mimba, na kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza kooni nisijue ni nini. Nilikuja kukijua mwaka uliofuata, Jumamosi moja mchana. Aliyenionyesha hakuwa mchungaji wala mama yangu. Ilikuwa katuni.

Sitataja majina. Watu hawa bado ni majirani, na mimi bado napanga foleni ya bomba moja na mama zao. Lakini kunyamaza nimenyamaza vya kutosha.

Tulikaa Shauri Moyo, mimi na mama, kwenye chumba kimoja cha nyumba za kanjo, za baraza la jiji, kilichogawanywa na pazia. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Ukitaka kujua hasira zake husikilizi mdomo, unasikiliza cherehani: akikasirika huikanyaga bila kitambaa, sindano inashona hewa. Nilipomwonyesha tumbo, ilishona hewa siku mbili. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimefika fomu foo katika ukoo mzima. Miaka minne ya karo, kola za watu wengine, mifuko ya watu wengine, vishikizo vya watu wengine, halafu nikamletea tumbo.

Binti yangu akazaliwa. Mzima, mweusi, sauti ya kondakta.

Kanisani kwetu msichana akizaa bila harusi huhamishiwa benchi la nyuma. Hakuna anayekufukuza. Mzee wa kanisa anakunong'oneza tu mlangoni, "Keti huku, binti," na hiyo "huku" inaendelea mwaka mzima. Huimbi kwaya. Hukaribii Meza ya Bwana. Mtoto wako habatizwi mpaka wewe urudi kundini, na kurudi kundini maana yake ni kusimama mbele ya watu wote Jumapili na kusoma karatasi ya kukiri. Baba wa mtoto hahamishwi popote. Yeye hana tumbo la kuonyesha. Wangu aliendelea kuimba besi, safu ya pili, kola nyeupe, na ile besi yake ilinifuata mpaka huku nyuma. Nilikuwa naisikia kwenye mbao za benchi. Mtoto wake alikuwa akiamshwa nayo.

Mama hakunisukuma nisimame kwa sababu ya aibu. Hilo nataka lieleweke, kwa maana wengi wamemsema vibaya. Kabla yangu mama alizaa mtoto aliyeishi wiki tatu. Alikuwa hajabatizwa. Alizikwa bila mchungaji na bila wimbo, watu wanne na jembe, na baba amebeba kisanduku kwapani kama mtu anayetoka dukani. Mama alinisimulia hayo mara moja tu, binti yangu alipougua surua akiwa na miezi saba. Siku tatu mama hakushona kitu. Homa iliposhuka aliniita upande wake wa pazia.

"Huyu hatakwenda bila wimbo. Umenisikia, kairitu, msichana wangu? Utasimama."

"Nitasimama," nikasema.

Na kweli nilikubali. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Karatasi ililetwa, imeandikwa na karani wa kanisa kwa wino wa buluu: *Mimi nimekosa mbele za Mungu na mbele ya ushirika huu, ninaomba kupokelewa tena.* Tarehe ikapangwa. Niliikunja nikaitia ndani ya rejista ya darasa langu.

Maana nilikuwa na darasa. Mtu wa fomu foo mwenye mtoto mgongoni hapati kazi ya ofisini, lakini ngumbaru anapata. Serikali ilikuwa imeamka ikagundua watu wazima hawajui kusoma, na kila mtaa ukatafutiwa mwalimu. Mimi nilipewa akina mama wa kwetu, ukumbi wa mtaa, alasiri tatu kwa wiki. Walikuwa thelathini hivi. Kulikuwa na mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba, mdomo mrefu kama Barabara ya Jogoo. Kulikuwa na dada wa kutoka magharibi aliyefanya kazi kiwanda cha nyuzi huko Baba Dogo, anayekuja darasani na pamba nyweleni. Na kulikuwa na Shosho. Sote tulimwita Shosho, mwanamke mzee wa kamati ya kina mama kanisani kwetu, aliyetaka kusoma kitabu cha nyimbo mwenyewe kabla hajafa. Shosho huyu ndiye aliyeniletea ile karatasi. Aliniletea ikiwa kichwa chini miguu juu, akasema, "Haya ndiyo maneno yako, mwalimu, yasome mpaka yakae."

Sasa, wiki mbili kabla ya Jumapili yangu, afisa wa ngumbaru akatangaza kuwa atatuletea sinema ya mafunzo. Sinema ya kuchemsha maji ya kunywa. Ukumbi wetu una madirisha makubwa bila mapazia, na sinema haitaki jua, kwa hiyo kila mama aliambiwa aje na blanketi. Jumamosi saa nane mchana tukawa juu ya viti tunagongomea mablanketi kwenye madirisha. Mlango ulipofungwa giza likaingia, na mablanketi yakaanza kusema siri za nyumba zetu. Kila tundu likawaka.

"Hili la nani lina nyota?" akauliza mama wa mitumba.

"Langu," akajibu dada wa Baba Dogo. "Na hizo si nyota. Hao ni watoto watano na paka."

Tulicheka kabla sinema haijaanza. Afisa, kijana mpole mwenye suruali ya kitambaa kizuri kuliko mshahara wake, akawasha mashine. Ikalia kama cherehani. Ukutani pakatokea mwanga, namba, kisha mwanamke. Si mwanamke wa kweli. Mwanamke wa kuchorwa, mistari michache tu, mnene kidogo, kitambaa kichwani. Hakuna maji wala sufuria ya kuchemshia. Nikaona afisa ameshika mkebe wa filamu anausoma kwa mwanga wa mashine, na jasho limemtoka.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "nimebeba mkebe usio wenyewe."

"Basi zima."

"Nikizima watasema mashine ya serikali ni mbovu. We tafsiri tu. Ni katuni, mambo ya watoto."

"Tumefunga biashara Jumamosi kuja kuangalia vya watoto?" Mama wa mitumba alikuwa amesikia kila kitu.

Haikuwa ya watoto. Dakika ya pili tu yule mwanamke alikuwa kitandani, na kando yake mwanaume mwembamba mwenye pua ndefu, amempa mgongo. Ukumbi ukapiga kelele. "Fungeni komeo! Fungeni komeo watoto wasiingie!" Komeo likafungwa. Shosho akajifunika uso kwa leso, akaacha jicho moja nje.

Katuni ilikuwa inaongea Kiingereza, na Kiingereza hapo kilikuwa changu peke yangu. Nikaanza kutafsiri kwa sauti ya redio: mke ni mgonjwa, mke anamwambia mumewe ana maumivu, mume anasema atamfuata hospitalini.

"Mwalimu," mtu akaita kutoka gizani, "tuondolee taarifa ya habari. Ongea kama wao!"

Basi nikaongea kama wao. Mwanamke nikampa sauti ya kina mama wa foleni ya bomba. Mwanaume akafungua mdomo, na mimi, sikupanga, naapa sikupanga, nikampa besi.

"Uuui!" akasema dada wa Baba Dogo. "Hiyo sauti naijua. Inakaa safu ya pili!"

Ukumbi ukapasuka. Hata mtoto wangu aliyelala mgongoni alishtuka. Shosho alikohoa kwa ukali wa kamati, lakini ile leso ilikuwa inatikisika.

Niwaambie ile sinema ilikuwaje, kwa maana sijaiona nyingine kama hiyo. Yule mwanamke anakwenda hospitalini peke yake na kikapu. Mume anabaki baa. Pale wodini kila mlango ukifunguka mwanamke anachungulia kama ni mumewe, na kila anapochungulia shingo yake inarefuka. Inarefuka, inapita vitanda vya wengine, inapita chupa za dawa, inafika mlangoni, inakuta aliyeingia ni mgeni wa mtu mwingine, inarudi pole pole kama mkanda wa kupimia wa fundi. Mara ya kwanza tulicheka mpaka viti vikalia. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

"Hiyo shingo ninayo," akasema dada wa Baba Dogo, taratibu. "Niliipata nikijifungua wa pili."

"Wa pili tu?" akauliza mama wa mitumba. "Mimi yangu haijawahi kurudi."

Ukumbi ukacheka tena, lakini kwa chini. Nami nikasimama pale kando ya ukuta nikashika shingo yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa nchi za mbali, mtu ambaye hajui Shauri Moyo iko wapi, anaweza kuketi na kalamu akachora kile nilichokuwa nacho wodini, halafu akakifanya kichekesho bila kukidharau.

Mwanamke anarudi nyumbani. Mume yuko mezani. Mwanamke anaweka kikapu chini, na kichwa chake kinageuka sufuria. Sufuria kabisa, yenye mfuniko na mishikio. Mfuniko unaanza kuruka ruka. Mume anauangalia ule mfuniko, anameza mate, anasema lile neno: sori.

Na mimi, mtafsiri, mtu wa fomu foo, nikasema kwa besi, "Pole."

Mara tu alipolisema, likamtoka mdomoni kama povu la sabuni, duara, lenye rangi rangi. Likaelea juu ya meza, likagusa balbu, likapasuka. Mfuniko wa mwanamke ukaruka mpaka dari.

"Kwani huyu mama ana nini?" mtu akauliza nyuma. "Mwanaume amemwambia pole vizuri, na bado anachemka?"

"Si angejibu tu asante yaishe?"

Hapo ndipo koo langu lilipofunguka. Nilisikia neno nililolisema mwenyewe likiwa bado hewani, na nikaona lilikuwa povu. Nilimwambia afisa asimamishe mashine. Akasema haisimami, ikisimama filamu inaungua. Basi nikapiga kelele juu ya mashine.

"Ngojeni! Nimekosea mimi. Hajasema pole. Hiyo sori ya Kizungu ina watoto wawili kwetu. Mmoja ni pole. Wa pili ni nisamehe, nimekosa. Huyu amekosa yeye mwenyewe. Pole ni ya aliyepita njia akakukuta umeanguka. Aliyekusukuma hasemi pole!"

Mama wa mitumba akasema, "Wangu husema pole."

"Akikukuta umeanguka?"

"Akiniangusha."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Si ni asante." Akajisikia mwenyewe. "Ghai! Namwambia asante."

Huko gizani vikaanza vicheko vya ajabu, vile vya mtu anayejigusa kidonda akakuta ni kikubwa kuliko alivyodhani. Kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja aliambiwa pole na mumewe alipouza cherehani yake. Mmoja aliambiwa pole na bosi aliyemfukuza kazi kwa sababu ya tumbo, na akasema asante sana, bwana. Dada wa Baba Dogo akauliza, kwa dhati kabisa, kama kwa lugha yao kuna neno la mwanaume kusema amekosa, akafikiri, akasema, "Lipo. Lakini tunalitumia kwa ng'ombe wakiingia shamba la watu."

Na ukutani yule mwanaume wa katuni aliendelea kujaribu. Alisema sori akiwa na maua. Povu lenye umbo la ua, likapasuka. Alisema sori kwa kuimba. Hapo nilimpa besi mpaka mwisho, na mapovu yakatoka kwa mstari kama rozari, yote yakapasuka. Ukumbi ukawa unamjibu sasa, kila povu, kwa pamoja: "Hiyo ni pole! Lete nyingine!" Shosho naye alikuwa ameondoa leso. Alikuwa anapiga goti kwa ngumi. "Lete nyingine, mjinga wewe!"

Mwishowe yule mwanaume akanyamaza. Akakaa. Uso wake ukawa mdogo, akawa mdogo mwenyewe, mpaka miguu haifiki sakafuni. Akasema sori mara moja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, na kilichomtoka mdomoni hakikuelea. Kilikuwa jiwe. Likamwangukia mguu wake mwenyewe.

"Haaaa!" Kelele ile sijapata kuisikia hata mpirani. "Hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe!"

"Tafsiri, mwalimu!"

"Nimekosa," nikasema. Sikumpa besi. Besi haikufaa.

Mwanamke hakumkumbatia, na hilo ndilo nililolipenda zaidi. Aliokota lile jiwe, akalipima mkononi, akaliweka juu ya mfuniko wake ili usiruke. Kisha wakala supu, kimya, na picha ikaisha.

Tuling'oa mablanketi. Jua likaingia, sote tukawa tunapangusa macho tukijidai ni vumbi. Afisa aliniomba nisimwandike kwenye ripoti. Shosho alinishika mkono mlangoni, bado anacheka, machozi kwenye mikunjo ya uso. "Mwalimu, hiyo sinema ina dhambi, lakini ina ukweli," akasema. Halafu, kwa sauti ile ile, "Usisahau Jumapili ijayo. Umeshika maneno yako?"

Nilikuwa nimeyashika. Nimekosa. Nilirudi nyumbani nikaitoa ile karatasi kwenye rejista, nikaisoma, na kwa mara ya kwanza niliiona. Yeye povu. Mimi jiwe.

Sikuwa napinga jiwe. Watu walisema baadaye kwamba nilikuwa na kiburi, kwamba ngumbaru imenipanda kichwani. Mimi nilikosa, najua. Nilijua karo ya mama ilitoka wapi na bado nilikwenda nyuma ya kanisa. Jiwe langu nilikuwa tayari kulitema mbele ya watu wote. Nilichokataa ni kutema na lake.

Alhamisi nikamngoja alipokuwa akitoka mazoezi ya kwaya.

"Jumapili nasimama," nikamwambia. "Simama na mimi."

"Mimi sijaitwa."

"Nakuita."

Alimwangalia mtoto mgongoni mwangu. Nadhani kidogo alitaka. Nimejaribu miaka yote hii kumchukia bila kumwachia hata hicho kidogo, nimeshindwa. Kisha akatazama nyuma, mahali wenzake walipokuwa wanatoka, akasema, "Unajua kazi yangu ilivyo, na nyumbani walivyo. Pole, kweli. Pole sana."

Safari hii sikusema asante.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu wanapenda kukuona ukirudi kundini kama wanavyopenda kuona moto wa jirani. Mama alikaa mbele na mtoto mapajani, amemshonea gauni jeupe lenye kola ya duara, kwa maana ubatizo ungefuata papo hapo. Mzee wa kanisa akaniita. Nikatembea kutoka benchi la nyuma mpaka mbele, na viatu vyangu vikalia kila hatua. Kwaya ilikuwa kulia kwangu. Safu ya pili ilikuwa inatazama kitabu cha nyimbo kana kwamba kimeandikwa upya usiku huo.

Nikaikunjua karatasi.

"Sisi tumekosa mbele za Mungu," nikasoma, "na mbele ya ushirika huu."

Mzee wa kanisa aliinamisha kichwa karibu na sikio langu. "Soma kama ilivyoandikwa, binti."

"Nimesoma, mzee. Nimesahihisha tu. Mtu mmoja ni nimekosa. Wawili ni tumekosa. Huyu mtoto hakuja kwa posta."

Mtu alicheka upande wa kina mama, akajikohoza. Mzee akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu.

"Ni wewe unayerudi kundini."

"Na yeye hajatoka?"

Sikupaza sauti. Lakini kanisa likinyamaza hata kunong'ona kunafika mlangoni. Mchungaji alisimama, akanitazama, akatazama kwaya, akatazama saa yake. Kisha akasema tuimbe. Basi. Waliimba kunifunika, beti zote, na yeye aliimba, besi ile ile, kila noti mahali pake. Wimbo ulipoisha ikatangazwa kwamba ubatizo umeahirishwa mpaka mama wa mtoto atakapopata moyo uliopondeka.

Nilikwenda kumchukua mtoto wangu. Mama hakuniachia mara moja. Alimshika kiunoni, mimi nimemshika kwapani, na kwa muda tulivutana mbele ya ushirika mzima, yule mtoto katikati anacheka akidhani ni mchezo. Halafu mama akaachia. Uso alioniachia nao sitaki kuueleza. Cherehani ilishona hewa wiki tatu.

Na Shosho? Shosho alikuwa pale, kiti cha mbele cha kamati. Ni- na tu- nilimfundisha mimi, kwa chaki, kidole chake ndani ya mkono wangu. Alijua nilichosema ni sahihi. Alikuwa amepiga goti kwa ngumi wiki moja tu kabla. Hakufungua mdomo.

Jumanne akaja darasani kama kawaida, mapema, daftari kwapani. Nilitaka kumtoa. Nilimwambia akae. Hakukaa.

"Pole, mwalimu," akasema.

"Pole ya nini, Shosho? Umenikuta nimeanguka?"

Wengine walikuwa wanaingia. Mama wa mitumba alisimama mlangoni na mdomo wake wote, na kwa mara ya kwanza maishani hakuutumia. Shosho aliangalia daftari lake. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, aliyewatoa wenziwe kundini na kuwarudisha, ambaye hajawahi kumwomba radhi mtu mdogo kwake. Taya zilikuwa zinatafuna.

"Niliogopa," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Kisha akakaa, akafungua daftari, akaniambia nianze somo, tena kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Nikaanza. Chaki ikavunjika mara mbili.

Hiyo ndiyo iliyopatikana, na sitaidharau, lakini pia sitaiongeza maji. Kanisa halikubadilika. Yeye alioa, harusi ya kwaya nzima, na siku hizi ni kiongozi wa besi. Mimi bado ni mwalimu wa ngumbaru, na bado nakaa benchi la nyuma kila Jumapili, kwa maana kanisa ni langu pia na sitawaachia. Kila karibu na Pasaka mzee wa kanisa anapita nyumbani kuuliza kama moyo wangu umepondeka. Na kwa miaka mitatu, kila akishaondoka, mama aliniomba.

"Ni kisilabi kimoja tu, kairitu. Ni- badala ya tu-. Kitakuua?"

"Kama ni kidogo hivyo, mama, mbona kanisa zima limeshindwa kukimeza?"

Mwaka huu mzee alipokuja mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nikasikia cherehani imesimama. Nikasikia mama akimkaribisha, akimpa chai, akimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamsikia akisema, kwa ile sauti anayomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi, "Mzee, mtoto ni wa wawili. Mlete yule mmoja asimame, na mimi wangu nitamsimamisha siku hiyo hiyo. Usipomleta, usirudi kunywa chai yangu."

Mzee alisema watalichukua jambo hilo kwenye kamati.

Binti yangu ana miaka mitano. Hajabatizwa. Anaumwa na kupona, kama watoto wote wa hapa, na kila anaposhikwa na homa mimi na mama hatutazamani, tunajua kila mmoja anafikiria nini. Watu wananiona nimekaa pale nyuma, kichwa juu, wanadhani siogopi. Naogopa sana. Namshika paji la uso, naona moto, nachovya kitambaa majini. Asubuhi nikiamka jibu langu ni lile lile: tumekosa.